Hapana ya Kwanza

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa imejaa pomoni tangu saa tatu asubuhi. Waliopata viti wamekaa, waliokosa wamesimama, na waliochoka kusimama wameegemea ukuta kama makoti yaliyotundikwa. Kila mmoja alishika kikaratasi chake chenye namba, na juu ya kaunta taa nyekundu iliita namba hizo moja moja, kwa uvivu wa paka aliyeshiba.

Katikati ya msongamano huo alisimama binti mmoja aliyevaa koti la rangi ya komamanga lililomfika magotini, na kilemba ambacho ncha yake moja imechomoza juu kama sikio la sungura. Koti alilishona mwenyewe. Alikuwa mshonaji, na mshonaji akivaa koti la dukani ni sawa na mpishi anayekwenda kula kwa jirani. Wiki sita tu zilikuwa zimepita tangu ashuke kwenye ndege, ameletwa na mkataba wa kushona mapazia, na leo alikuja kuchukua kibali chake cha kuishi.

Namba yake ilikuwa hamsini na nne. Ilipoitwa hamsini na tatu, bibi mmoja mwenye mkongojo akakohoa nyuma yake.

"Tangulia tu, mama," akasema binti, akampa kikaratasi chake na kupokea cha bibi. Themanini na moja.

Sasa, kwao alikotoka, neno hilo lina majibu yake. Unamwambia mtu tangulia, naye anakwambia haiwezekani, tangulia wewe. Unamwambia wallahi sitangulii, naye anakusukuma mgongo. Mnasukumana mlangoni mpaka heshima imewatosha wote wawili, kisha anapita yule aliyekuwa wa kwanza tangu mwanzo. Lakini bibi wa mkongojo alisema asante, akaenda zake kaunta.

Ilipokaribia themanini na moja, akatokea mama mwenye pacha wanaolia. "Tangulia tu, dada." Yule mama akatangulia. Mkononi ikabaki mia na kumi. Kisha akaja mzee aliyefungwa jicho moja kitambaa cheupe, na kikaratasi kikawa mia moja arobaini na mbili. Ofisi inafungwa saa saba.

"Samahani, dada," ikasema sauti kutoka juu. "Umekuja kuchukua kibali au kugawa zamu?"

Akainua macho. Dirishani, juu ya ngazi, palikuwa na kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, penseli sikioni, tepu ya kupimia imemninginia shingoni. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

Binti alishapanga la kumjibu, na lilikuwa kali. Ila jicho likaangukia karatasi aliyoishika yule kijana. Ilijaa namba, na kila saba ilikuwa na kijistari kiunoni kama mtu aliyefunga mkanda. Saba zile alizijua. Wiki tano nzima zilimfikia mezani kila asubuhi, na kila asubuhi alizilaani.

"Wewe!" akasema.

"Mimi?"

"Elfu mbili mia nne na kumi na saba!"

"Naam?"

"Dirisha la daktari wa meno! Ulinirudishia pazia zima, limeshapigwa pasi, kwa sababu limezidi milimita saba!"

Kijana akashuka ngazi taratibu, akimtazama kama mtu aliyeona mtangazaji anatoka ndani ya redio.

"Kumbe ni wewe uliyeniandikia kwa chaki, 'Kitambaa kikifuliwa hupungua, au kwenu hamfui?'"

"Ni mimi."

"Nilicheka nusu siku."

"Sikuandika ucheke. Niliandika uone aibu."

"Aibu niliona jioni. Mchana nilicheka." Akamtazama tena, kilemba, koti, kikaratasi. "Sasa sikiliza. Simama hapa karibu na mimi. Mtu akikohoa, mwache akohoe."

Akasimama naye kama askari wa benki. Kila mzee aliyesogea, binti alifungua mdomo, na kijana akasema chini chini, "Nimekuona." Mdomo ukafungwa. Saa saba kasoro dakika nne kibali kikagongwa muhuri, na wote wawili wakapumua kana kwamba wamezaa.

Tangu siku hiyo kijana akamwita Tangulia, na binti akamwita Milimita, na majina ya vyeti yakapumzika kwenye vyeti.

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la samani. Cherehani nne, meza ya kukatia ndefu kama kitanda cha watu sita, na mwenye mali, mama mnene mwenye mkasi uliofungwa shingoni kwa utepe. Hakuna aliyemwita jina jingine ila Mama Mkasi. Wapimaji waliamkia madirishani kwa watu na kuacha karatasi zao kikapuni kabla washonaji hawajafika, ndiyo maana mpimaji na mshonaji waliweza kugombana wiki tano bila kuonana. Sasa Milimita akaanza kuchelewa kuondoka. Kikapu kilichokuwa kinajazwa saa moja kikawa kinajazwa saa mbili na dakika tano, wakati Tangulia anavua koti.

"Kikapu hiki kina asali siku hizi?" akauliza Mama Mkasi.

"Nahakikisha vipimo, mama," akajibu Milimita.

"Hakikisha. Ila macho yako yanapima kitu ambacho hakina dirisha."

Ugeni una mambo yake, na Tangulia hakuachiwa hata moja. Alisalimia kila mtu ngazini mpaka jirani wa chini akafungua mlango kumuuliza kama nyumba inaungua. Palikuwa na mapipa matano ya takataka, kila moja na rangi yake, na siku ya kwanza alitupa vyote kwenye moja. Jioni akakuta kifuniko cha chupa kimewekwa mbele ya mlango wake, peke yake, kimeoshwa, kama mtoto aliyerudishwa kwao. Akataka kumtembelea mshonaji mwenzake, akaambiwa karibu sana, Alhamisi ya mwezi ujao, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu. Akajiuliza kama anakwenda kunywa chai au kung'olewa jino.

Lakini lililomshinda hasa ni neno moja dogo.

Siku moja ya kazi nyingi alisahau chakula chake nyumbani. Milimita akaja kukaa naye, akafungua mkate mnene uliojazwa mayai na nyanya, harufu yake peke yake ingemfufua mgonjwa.

"Unataka?"

Njaa ilikuwa inamkwangua Tangulia kama panya ukutani. Na kwa kuwa amelelewa, akasema, "Hapana, asante. Nimeshiba."

Kwao, hapo mwenye chakula angesema acha utani, angekata kipande na kukutia mkononi. Milimita alisema, "Sawa," akala. Akala wote. Akakusanya na makombo kwa kidole.

Tangulia akarudi kwenye cherehani tumbo linaimba. Akajisemea moyoni, kijana mzuri huyu, ila malezi yamempita pembeni. Wala hakumwambia kitu. Siku ya mvua Milimita akamuuliza kama anataka mwavuli, akasema hapana, usijali. Na Milimita hakujali, akamwacha aloe hadi kwenye soksi. Wala hapo hakumwambia. Aibu ilimkataza. Mtu utamwambiaje, nikikataa nilazimishe?

Kwa mengine yote walifaana kama uzi na tundu la sindano. Jumapili walitembea kando ya mfereji wa maji unaopita katikati ya mji, yeye na koti lake la komamanga, yule na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Kila jioni saa kumi na mbili na robo simu ililia, si dakika kumi na nne, si kumi na sita.

"Umefika, kipenzi?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Nipe kipimo."

"Milimita tatu."

"Siku nzima, milimita tatu?"

"Nilikuwa na mapazia ya hoteli. Ningekukumbuka zaidi ningejishona kidole."

"Basi kesho nitakuja mwenyewe niongeze."

"Njoo. Lakini usije na tepu."

"Bila tepu najisikia uchi, laazizi."

"Basi njoo nayo! Watu watatuona!"

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya Shangazi, aliyemlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Shangazi hakuwahi kujua kuishika simu ya picha. Miezi yote hiyo Tangulia alikuwa akizungumza na paji la uso.

"Huyo mpimaji wako," likasema paji la uso. "Ana nia?"

"Nadhani anayo, Shangazi."

"Akiuliza, unajua la kufanya."

"Najua."

"Nini?"

"Nakataa."

"Mara ngapi?"

"Tatu, Shangazi."

"Ya kwanza adabu, ya pili haya, ya tatu ajue hakuokota njiani. Ndipo ya nne ukubali, tena ukiangalia chini. Mimi marehemu mume wangu nilimkataa mara tano. Viatu vilimwishia."

Mwezi wa nane tangu ile ofisi ya uhamiaji, Milimita akamwomba amsaidie kazi Jumamosi, amshikie ncha ya tepu kwenye jengo jipya. Tangulia akajua. Mwanaume haombi kushikiwa tepu huku amepaka viatu rangi.

Ilikuwa nyumba tupu, ghorofa ya nne, inanuka rangi mbichi. Madirisha matatu makubwa hayana hata uzi, na jua limemwagika sakafuni lote. Wakapima la kwanza. Wakapima la pili. Hapo Milimita akasita, akaiacha tepu ijirudie yenyewe kwenye kopo lake, tra! akavuta pumzi.

"Nyumba hii mwenyewe anatafuta mpangaji," akasema. "Nimemwambia huenda yupo mtu na mke wake. Mtu nimeshampata. Unataka kuolewa na mimi?"

Moyo wa Tangulia uliruka, ukagonga meno. Alitaka kupiga kigelegele kishuke ghorofa zote nne mpaka barabarani. Lakini binti wa watu hajipigii kigelegele mwenyewe. Akainamisha macho, akazungusha kifungo cha koti, akasema kwa sauti tamu kama mtu anayempa mtoto pipi:

"Hapana."

Akangoja.

Chini mtaani baiskeli ikapiga kengele.

"Sawa," akasema Milimita. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama shati. "Asante kwa kunijibu wazi." Akaivuta tena tepu. "Tafadhali, unishikie ncha ya dirisha la mwisho."

Na wakapima dirisha la mwisho, wallahi. Elfu moja mia tisa na sabini na saba. Saba ile ya mwisho aliiandika bila mkanda.

Tangulia hakuona ubaya wowote. Alirudi nyumbani anaruka vidimbwi.

"Shangazi! Ameniuliza!"

"Umejibuje?"

"Nimekataa!"

"Uuuuwi! Hongera, mwanangu!" Shangazi akapiga vigelegele vitatu, simu ikaanguka, ikaokotwa, paji la uso likarudi likimetameta. "Alifanyaje? Alibembeleza?"

"Alisema sawa."

"Sawa?"

"Halafu tukapima dirisha."

Shangazi akatafakari. "Anajikaza huyo. Atarudi Jumatano."

Jumatano ikaja na uzi wake, ikaondoka. Simu ya saa kumi na mbili na robo haikulia. Kikapu kikarudi kujazwa saa moja kamili. Tangulia akapaka wanja, akavaa gauni la njano lenye marinda, akaja kazini mapema kabla jua halijajua kama litatoka. Akamkuta Milimita anaweka karatasi.

"Habari za asubuhi," akasema Milimita, kwa adabu ya daktari.

"Nzuri. Na wewe? Huna la kuniuliza?"

Akafikiri kweli, maskini. "Ndiyo. Lile pazia la maktaba, litakuwa tayari Ijumaa?"

"Litakuwa tayari," akasema Tangulia, na akakanyaga cherehani siku ile mpaka sindano tatu zikavunjika.

"Hana nia," Shangazi akahukumu Jumapili. "Mwanaume anayekataliwa mara moja akatosheka, huyo alikuwa anapita tu. Mwache."

Tangulia akamwacha, kwa mdomo. Kwa moyo alishinda anamsuta na kumlilia kwa zamu. Kama angenipenda angerudi, akajiambia. Mji ukamrudishia ugeni wake wote: mapipa matano, ngazi zisizojibu salamu, mabasi yaliyojaa watu na hakuna hata mmoja anayejua mama yako ni nani.

Ijumaa ya wiki ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, Mama Mkasi alikuja kwenye cherehani yake, akasimama, akauchezea mkasi wake.

"Mpimaji wangu bora ananiacha," akasema. "Ameomba kazi tawi la kaskazini, mwendo wa saa tano kwa treni. Anaondoka kesho asubuhi. Sikulaumu, binti yangu, moyo haulazimishwi. Ila nitamkumbuka."

Mguu wa Tangulia ukaacha kukanyaga. "Unilaumu mimi kwa lipi?"

"Si ulimkataa?"

"Mimi? Nilimkataa mara moja tu!"

"Kwani unataka kumkataa mara ngapi?"

"Tatu! Yeye ndiye aliyeacha kuuliza!"

Mama Mkasi akatafuta kiti, akakaa, na kicheko kikamtoka tumboni, kikapanda mabega, mkasi ukaruka kifuani kama samaki. Alipopata pumzi akafuta macho kwa kipande cha pazia la maktaba.

"Sikiliza, mwanangu. Hapa kwetu, mtu akisema hapana, ni hapana. Mwanaume akimuuliza mwanamke mara ya pili baada ya kukataliwa, huyo ni msumbufu, na mama yake anaona haya. Yule kijana hakuacha kukupenda. Alikuheshimu. Alikaa pale kwenye ngazi ya nyuma akalia, na bado akaniletea vipimo sahihi."

Tangulia akatoka mpaka kwenye korido, akapiga simu siku isiyo ya Jumapili.

"Nani amekufa?" akauliza Shangazi.

"Hakuna. Shangazi, huku hapana ni hapana. Ya kwanza ndiyo ya mwisho. Na kesho anaondoka."

Alitegemea Shangazi aseme mwache. Simu ikatikisika, ikashuka, na kwa mara ya kwanza ikaonyesha macho. Yalikuwa mekundu.

"Kabla ya marehemu mume wangu," akasema Shangazi, "alikuwepo fundi saa. Alikuja mara ya kwanza nikakataa. Akaja ya pili, nikakataa, tena nikacheka wenzangu wanisikie. Nikafua gauni langu la maua, nilivae siku ya tatu. Hakuja. Gauni lile nimelifua mara nyingi, mwanangu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ujinga wetu hatuwaambii watoto. Tunawafundisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Una miguu?"

"Ninayo."

"Basi unaniuliza mimi nini?"

Milimita alikuwa kwenye saluni ya wanawake mtaa wa pili, Mama Mkasi alisema, akipima dirisha la kioo la mbele. Tangulia alikimbia na kipete cha kushonea bado kidoleni, pini zimejaa kwenye kola, koti amelifunga vifungo vya juu na vya chini havikukutana. Saluni ilikuwa imejaa. Wanne wamefungwa karatasi za kung'aa vichwani, watatu wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, na msusi mkuu ameshika chuma cha moto. Milimita alikuwa amepiga magoti chini ya kioo, mgongo kwa watu.

"Milimita!"

Akageuka. Kwa nukta moja uso ukang'aa, kisha akauzima mwenyewe kama mtu anayezima taa akitoka.

"Kuna tatizo la vipimo?"

"Lipo. Kubwa." Akashika ubavu, anahema. "Ile hapana yangu. Haikuwa hapana."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa ya kwanza! Kwetu, binti akiulizwa anakataa. Ya kwanza ni adabu. Unatakiwa urudi. Ukirudi nakataa tena, unarudi tena. Ya nne ndiyo nakubali, nikiangalia chini. Nilikungoja Jumatano, wewe! Nilivaa gauni la njano!"

Msusi akazima redio.

Milimita akasimama polepole, akili yake ikirudi nyuma miezi minane, dirisha kwa dirisha. "Subiri. Siku ile ya mkate wa mayai. Ulisema umeshiba."

"Nilikuwa nakufa njaa."

"Na mwavuli?"

"Nililoa mpaka mifupa. Nikaumwa mafua siku nne."

"Mungu wangu!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Miezi yote nakutesa, nawe unasema asante! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwetu haisemwi, inajulikana!"

"Na mimi ningejuaje, kwetu kisichosemwa hakipo!"

"Ndiyo nimekuja kusema. Niulize tena."

Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Haitoki," akasema kwa huzuni. "Baba yangu alinifunza, ukikataliwa chukua kofia yako uende. Nikitaka kukuuliza tena ulimi unasimama kama punda."

"Basi kaa hivyo hivyo," akasema Tangulia, akanyoosha koti, ambalo halikunyooka. Kila funzo la Shangazi lilimshika upindo wa gauni kumvuta nyuma, naye akalivuta mbele. "Nauliza mimi. Utakubali kuwa mume wangu?"

Mtu akafunga bomba la maji asikose neno.

Milimita akamtazama. Akainamisha macho yake chini, kwa adabu kubwa. Akaishika penseli yake, akaizungusha.

"Hapana," akasema.

Mama wa karatasi za kung'aa akaangusha gazeti.

"Amesema nini?" akapiga kelele mwenzake chini ya mashine, ambaye hasikii kitu. "Jamani, amesema nini?"

"Amekataa!"

"Amekataa? Na koti zuri lile?"

Tangulia alihisi sakafu imeondoka. Kisha akaona masikio ya Milimita. Yalikuwa mekundu kama nyanya, na kona ya mdomo wake ilikuwa inapigana na kitu. Ndipo akaelewa kwamba mtu huyu, ambaye kwao hapana ni ukuta, alikuwa amejilazimisha kuukwea kwa ajili yake. Alikuwa anamrudishia heshima yake yote, kwa kipimo cha kwao.

Furaha ikampanda mpaka kwenye ncha ya kilemba. Akafunga mikono kifuani, kama mshenga mzoefu.

"Naona umelelewa vizuri," akasema. "Nimekwenda, nimerudi. Nakuuliza mara ya pili."

"Ha..." akaanza Milimita. Kidevu kikatetemeka. "Ha... Ndiyo. Ndiyo! Siwezi! Nyinyi watu wa kwenu mnawezaje? Moja tu imenikaba koo, mara tatu si ningezikwa!"

Saluni ikalipuka. Waliokuwa chini ya mashine walitoka na nywele mbichi, msusi mkuu akapiga makofi chuma cha moto kikiwa hewani mpaka akakumbushwa, na mama wa karatasi za kung'aa akawakumbatia wote wawili pamoja, akawaacha wananuka dawa ya nywele.

"Na kaskazini?" Tangulia akanong'ona kifuani mwa ovaroli.

"Nimeshatia saini, mpenzi. Miezi mitatu. Lakini kila Jumamosi nitakuwa kwenye treni."

"Hapana, usijisumbue na safari ndefu hivyo kila wiki."

Milimita akarudi nyuma hatua moja, akamtazama usoni kwa makini, jicho moja limefumbwa, kama anayesoma namba ndogo.

"Hiyo ni ya kwanza," akasema. "Nitakuja."

Tangulia akacheka mpaka pini moja ikamchoma shingo.

Jumapili asubuhi simu ikalia kabla hajaamka vizuri.

"Enhe!" likasema paji la uso. "Nipe habari."

"Amekubali, Shangazi. Nilimuuliza mimi mwenyewe, mbele ya watu."

Shangazi akaimeza hiyo kimya kimya, kama kidonge kikubwa. "Makubwa haya. Na yeye? Alikataa kwanza, au alidakia tu kama asiye na kwao?"

"Alikataa."

"Mara ngapi?"

"Moja na nusu."

"Nusu imetoka wapi?"

"Alianza kukataa ya pili, ikamshinda katikati."

Shangazi akapima jambo hilo kwa muda, huku na huku, kama anayechagua kitambaa.

"Si haba," akasema. "Mlete nimwone. Huyo atafundishika."